UZI: Death at a Funeral ya 2010, wakosoaji walihesabu miaka wakasahau kuangalia matanga

fundi_spika (Kisumu)

Wadau hamjambo. Kuna jambo limenikaa rohoni tangu wiki jana na naona hapa ndio mahali pa kulitoa. Uzi utakuwa mrefu, mnivumilie.

Kwanza mjue naongea kama nani. Kazi yangu ni kukodisha hema, viti na spika za matanga, yadi iko Kondele. Mwaka wa kumi na moja sasa kila Ijumaa tunapakia kanta tunaenda, leo Yala, wiki ijayo Luanda, ingine Ugunja, mara Mbale ama Butere, tunafunga hema usiku na tochi, tunalala hapo hapo chini ya turubai, Jumamosi mazishi yakiisha tunafungua tunarudi. Matanga nimeyaona kuliko harusi. Na nimeyaona kutoka pale pembeni anapokaa mtu wa spika, na huyo mtu huona kila kitu kwa sababu hakuna anayemwangalia yeye.

Sasa wiki jana mvua ilitufungia yadini, vijana wamekaa bure, nikaona heri tutundike shuka nyeupe kwa ukuta wa stoo tuwashe projekta. Jumanne tukaona Death at a Funeral ya Uingereza, ya 2007. Jumatano tukaona ile ya Marekani, ya 2010, yenye Chris Rock na Martin Lawrence. Vijana walicheka siku zote mbili lakini hawakucheka mahali pamoja, na hiyo ndiyo ilinifanya niingie mtandaoni usiku kutafuta wakosoaji walisema nini wakati ile ya pili ilipotoka. Nikakasirika kweli.

Kwa wale hawajaziona, story ni moja kwa zote mbili. Mzee amefariki, ibada ni nyumbani. Asubuhi jeneza linaletwa, mwana wake anafunguliwa aone baba yake, ndani kuna maiti ya mtu mwingine kabisa. Wale jamaa wanarudi mbio kubadilisha na wageni wameanza kuingia. Binamu wa kike anafika na mchumba wake ambaye anamwogopa baba mkwe mpaka anatetemeka, anampa tembe akijua ni Valium ya kumtuliza, kumbe ni madawa ya kulevya kaka yake ametengeneza, na kabla ibada iishe jamaa yuko juu ya paa uchi. Kuna mjomba mkali kwa kiti cha magurudumu. Kuna ndugu wawili wanagombania nani alipe gharama. Na katikati ya wageni kuna mwanamume mmoja mfupi hakuna anayemjua, anamvuta mwana wa marehemu kando anamwambia mimi nilikuwa mpenzi wa baba yako, picha hizi hapa, nilipeni ama mama yenu azione. Uingereza anataka pauni 15,000, Marekani anataka dola 30,000.

Aliyeandika skripti ni yule yule, Dean Craig. Huyo mgeni mwenye picha ni mwigizaji yule yule kwa zote mbili, Peter Dinklage. Ya kwanza dairekta ni Frank Oz, ya pili ni Neil LaBute. Na kati yake ni miaka mitatu tu.

Hiyo miaka mitatu ndiyo wakosoaji wengi walishika hawakuachilia. Mbona mapema hivi, ya kwanza ilikuwa na shida gani, si hata Kiingereza ni kile kile. Ukiangalia Rotten Tomatoes, ile tovuti ya kuhesabu wakosoaji wangapi wamesifu muvi, ya 2007 iko asilimia 60 na kitu, ya 2010 iko 40 na kitu. Sasa mimi nauliza, hesabu hiyo ni ya nani? Ile ya kwanza ilitengenezwa kwa dola milioni 9 ikaleta zaidi ya milioni 46 dunia nzima, lakini kwa hizo zote Marekani ilitoa kama 8 na nusu tu. Mmarekani wa kawaida hakuiona. Ile ya pili ikaja ikapata zaidi ya milioni 40 huko huko Marekani. Kwa hivyo mkosoaji aliyekaa kwa kiti chake akasema "tumeshaiona hii" alikuwa anaongea juu yake yeye na wenzake. Watu waliojaza ukumbi walikuwa wanaingia matanga hayo mara ya kwanza.

Nisiwaweke wote kwa gunia moja lakini. Roger Ebert wa Chicago aliisifu waziwazi, alicheka na akasema amecheka.

Nitaendelea, stima inasumbua.

mwalimu_wa_luanda

Fundi, nakuheshimu na mwaka jana ulitufungia hema kwa mazishi ya shangazi, kazi safi. Lakini hapa nakupinga. Kazi ya mkosoaji si kuhesabu nani ameona na nani hajaona, kazi yake ni kuuliza hii kitu imeongeza nini. Ukichukua skripti ile ile, mistari ile ile karibu yote, mpangilio ule ule wa matukio, hata mgeni yule yule, halafu ukabadilisha nyuso, hiyo ni fotokopi. Mwanafunzi akiniletea insha ya mwenzake na jina tofauti juu siwezi kumpa alama eti kwa sababu darasa lingine halikuwa limeisoma.

Na miaka yenyewe si dawa, hapo nakubaliana nawe kidogo. The Ladykillers ya Uingereza, ile ya wezi waliopanga chumba kwa bibi mzee, ilikuwa 1955, Alec Guinness na Peter Sellers wakiwa ndani. Madairekta wa Marekani, ndugu wawili Coen, wakairudia 2004, karibu nusu karne baadaye, wakaitoa London wakaipeleka Mississippi, wakaweka kwaya za injili, wakamleta Tom Hanks. Hakuna aliyeweza kusema ni mapema. Na bado wakosoaji wengi waliiweka kati ya kazi dhaifu za hao ndugu. Aliyetoka na heshima ni yule mama mwenye nyumba, Irma P. Hall, alipewa Tuzo ya Jury kwa tamasha la filamu la Cannes mwaka huo huo.

fundi_spika (Kisumu)

Nimerudi. Mwalimu shikamoo, na asante kwa huo mfano kwa sababu umenifungulia mlango nilikuwa nautafuta. Kwa nini Irma P. Hall alibaki amesimama wakati muvi yenyewe inayumba? Kwa sababu yule mama ni wa pale. Mama wa kanisa wa Mississippi ambaye hataki upuuzi kwa nyumba yake, hukuhitaji kumjua yule bibi wa London wa 1955 ndio umwelewe huyu. Wengine kwa hiyo muvi wamehamishwa, yeye amezaliwa hapo.

Hicho ndicho kipimo changu, na ndicho nilitaka wakosoaji wa 2010 watumie. Wakae waangalie hiyo familia mpya, waulize hii familia inaogopa nini, inaficha nini, nani haongeleshani na nani. Matanga ya kila jamii yana aibu yake na kicheko kinatoka kwa hiyo aibu. Ukihamisha kicheko bila kuhamisha aibu unabaki na watu wanapiga kelele tu.

Nipeane mfano vile vijana wangu walicheka. Ile ya Uingereza mwanzo walinyamaza kama dakika ishirini. Hawa watu wanaongea chini, kila mtu ana kikombe cha chai, mwana wa marehemu anaambiwa eti kila mtu alitarajia ndugu yake mwandishi wa vitabu ndiye asome hotuba, na yeye anameza tu. Anameza, anameza. Ni kama sufuria imefunikwa na moto uko chini. Halafu yule mchumba akaanza kuongea na ukuta, na kijana wangu mmoja wa kuosha viti akaanguka chini kutoka kwa kiti, kweli kabisa, kwa sababu kifuniko kimeruka.

Ile ya Marekani walicheka kutoka dakika ya kwanza. Tatizo ni hilo, na hapa mwalimu nakupa haki yako. Chris Rock, Martin Lawrence, Tracy Morgan, kila mmoja ni mchekeshaji wa jukwaa mwenye mdomo wake, na kila mmoja ameachiliwa autumie. Sufuria haijawahi kufunikwa. Sasa yule mchumba, hapo ni James Marsden, na naye amefanya kazi nzuri sana, akianza vituko vyake hakuna kimya cha kuvunja. Kituko kile kile kabisa, kicheko nusu. Mkosoaji aliyeandika hivyo aliandika ukweli, lakini wengi hawakufika hapo, walisimama kwa kalenda.

Sasa geuza upande wa pili. Kuna mahali ile ya 2010 iliwapiga vijana wangu kuliko ile ya kwanza, na hata mimi. Ni yule mama mjane, Loretta Devine. Mume wake hajazikwa, jeneza liko sebuleni, na yeye anamsumbua mke wa mwanawe juu ya mjukuu. Mjukuu wangu yuko wapi, nitaletewa mjukuu lini. Hiyo kwa muvi ya Uingereza haiko. Vijana walipiga makofi, mmoja akasimama akasema huyo ni mama yake kabisa. Mimi nimeona hiyo kitu na macho yangu Ugunja, mama amevaa nguo ya kufiwa, amekalishwa kwa mkeka, na bado anauliza binti mkwe maswali mbele ya wamama wa kanisa. Hapo Neil LaBute hakupiga fotokopi. Hapo kuna familia mpya, na kama muvi yote ingekuwa imechimbwa hivyo tungekuwa tunaongea lugha ingine leo.

nakuru_s58

Wakuu mimi nachangia kutoka Nakuru. Mnaongea wakosoaji kuwaonea watu, mbona hamjaguza Ghostbusters? Ile ya 1984 wanaume, ile ya 2016 wanawake wanne, dairekta Paul Feig. Huko wakosoaji ndio walikuwa wapole, asilimia 70 na kitu, na watu wa mtandao ndio waliichukia kabla hata haijatoka. Trela yake ilipigwa dole gumba la chini mpaka ikawa ndiyo trela ya muvi iliyochukiwa zaidi YouTube. Na Leslie Jones alitukanwa matusi ya rangi mpaka akatoka Twitter kwa muda. Ilitumia dola milioni 144 kutengenezwa, ikaleta 229 dunia nzima, na kwa hesabu ya studio na matangazo hiyo ni hasara. 2021 wakarudi kwa story ya zamani, mwana wa dairekta wa kwanza akashika usukani.

Kwa hivyo fundi usilaumu wakosoaji kila mara. Hapo waliangalia muvi, wengine hawakuangalia chochote.

fundi_spika (Kisumu)

Mkuu wa Nakuru nakubali. Yaliyompata Leslie Jones hayana uhusiano wowote na ukosoaji, ni unyama, na sitaki hata tuyaweke kwa meza moja na mtu aliyekaa akaona muvi akaandika haikumchekesha. Tuiache hapo.

mwanakwaya_kakamega

Samahani naingilia, mimi ni mwanakwaya, na kwa matanga nimeimba mpaka sauti imebaki huko. Nataka niulize kwa heshima. Hiyo sehemu ya mgeni mwenye picha, ndugu zangu nyinyi mnaicheka? Kwa sababu mimi nimeshuhudia. Boma moja huku kwetu, sitataja upande gani, tuko kwa wimbo wa pili, pikipiki ikafika na mama na watoto wawili, mkubwa ako na sura ya marehemu mpaka kwaya yote tukasahau maneno. Mjane hakulia, alitazama tu. Wazee wakaenda nyuma ya nyumba kuongea masaa mawili na sisi tumesimama kwa jua. Hakuna aliyecheka siku hiyo na sidhani nitaweza kucheka nikiiona kwa skrini.

fundi_spika (Kisumu)

Dada, pole, na asante kwa kuandika hivyo. Nimesoma hii komenti mara tatu.

Umeniwekea kidole pale pale. Hebu ona, muvi zote mbili zimeacha siri vile ilivyokuwa, picha na pesa. Mwanamume mwenye picha anataka malipo. Kwa Waingereza hao wa nyumba kubwa mashambani hiyo ndiyo aibu kubwa kuliko kifo, kwamba mgeni atasema kwa sauti kitu ambacho hakisemwi. Kwa familia ya Chris Rock je? Kuna mchungaji pale, Keith David, ana haraka anataka kuanza ibada, kuna kanisa nyuma ya hiyo familia yote, na baba alikuwa na maisha mengine. Hapo kulikuwa na kisima kirefu, na muvi haikuteremsha ndoo, ilifuata mistari ya 2007 ikapita. Hilo ndilo kosa lake kubwa kwangu na sikusoma mkosoaji akilisema hivyo.

Kwetu siri si picha. Kwetu siri ni watoto na shamba. Yule mama wa pikipiki hakuja kutaka pauni 15,000, alikuja watoto wake watajwe kwa ile karatasi ya wasifu, wasimame na wengine kwa kaburi, warushe udongo. Wazee nyuma ya nyumba hawaongei aibu, wanaongea ekari. Mtu akitaka kuirudia hii muvi hapa Vihiga ama Siaya na akaleta mgeni na bahasha ya picha, ameshindwa kabla ya kuwasha kamera. Na kucheka dada, hapana, mimi sikucheki wewe wala yule mjane. Lakini nimesimama kwa spika siku kama hiyo na nakwambia kuna kicheko hapo hapo, kinakuja kwa wale wanaojaribu kuficha. Emsii anapewa karatasi mpya ya kusoma majina, kuna majina mawili yameongezwa na kalamu, anayafikia, anakohoa, anasema sasa tukaribishe kwaya. Kwaya imekaa inakula. Watu mia nne wanaangaliana. Huyo emsii ndiye Daniel, yule mwana wa marehemu wa ile ya 2007, kabisa kabisa, anameza na sufuria inachemka.

mwalimu_wa_luanda

Hapo nakupata sasa. Lakini basi unaunga mkono wakosoaji, fundi. Umesema haikuteremsha ndoo.

fundi_spika (Kisumu)

Ndio, mwalimu, kwa hukumu tunakaribiana, ni kwenye sababu yake ndio hatukubaliani. Na sababu ni muhimu, kwa sababu mtu akisema "ni mapema, ni fotokopi" basi dawa ni kusubiri ama kuacha. Mtu akisema "hamkuingia ndani ya hiyo nyumba" dawa ni kuingia.

Angalia Eddie Murphy. The Nutty Professor ya Jerry Lewis ilikuwa 1963, mwalimu mdhaifu anakunywa dawa anakuwa mtanashati. 1996 Eddie Murphy akairudia, na yeye akaingia ndani mpaka jikoni. Akaleta familia ya Klump nzima kwa meza ya chakula, baba, mama, nyanya, kaka, na wote ni yeye. Hiyo meza haikuwa kwa Jerry Lewis. Muvi ikashinda Oscar ya vipodozi, Rick Baker na mwenzake, na chama cha taifa cha wakosoaji Marekani kikampa Eddie tuzo ya mwigizaji bora. Wakosoaji wale wale wanaosemekana hawapendi komedi iliyorudiwa. Huku kwetu kwa vibanda vya video, hiyo meza watu waliijua kwa moyo, hata wale Kiingereza hakipandi.

Na Frank Oz mwenyewe, huyo wa ile ya 2007 tunayoiita ya asili, 1988 alifanya Dirty Rotten Scoundrels ambayo ilikuwa marudio ya muvi ya 1964, Bedtime Story. Watu wengi leo hawajui kama kulikuwa na ya 1964, hiyo ya Frank Oz ndiyo ilibaki. Halafu 2019 nayo ikarudiwa, The Hustle, na wanawake wawili, na hiyo wakosoaji waliiponda vibaya. Kwa hivyo huyu mzee amekuwa pande zote za meza. Kurudia si dhambi, alirudia akapata heshima.

nakuru_s58

Na huku kwetu nani ameweza hiyo ya kuingia ndani?

fundi_spika (Kisumu)

Mzee Ojwang. Najua hiyo si muvi iliyorudiwa lakini sikiza. Benson Wanjau alikuwa Mkikuyu. Akakaa kwa Vitimbi, kile kipindi cha vichekesho cha TV, miaka na miaka akiongea Kiswahili cha Mjaluo, na hapa Kisumu tulimchukua akawa wetu, alipofariki 2015 kuna wazee hapa walikuwa hawajui bado kwamba si Mjaluo. Angekuwa anaiga lafudhi tu tungemkataa, tunaskia watu wakituiga kila siku na hatucheki. Yeye alijua huyo mzee anaona aibu ya nini, anajivunia nini, anakasirika lini.

Na wale wasimulizi wa vibanda kina DJ Afro, mtu asiwadharau hapa. Muvi ya Kichina ama ya Kihindi inaingia kwa mdomo wake inatoka imekuwa ya Kondele. Hawa pia wanarudia muvi, bila kamera. Kijana wangu aliniuliza Jumatano kama hii ya Chris Rock kuna mtu ameipiga kwa Kiswahili, kwa sababu yeye anaona yule mjomba wa kiti cha magurudumu, Danny Glover, ni baba yake mdogo wa Sabatia, na anataka amskie akiongea kama baba yake mdogo.

Wahindi nao walishafanya yao, Daddy Cool, 2009, kabla hata ya Marekani.

mwanakwaya_kakamega

Basi ndugu fundi nitaiangalia, lakini nianze na gani?

fundi_spika (Kisumu)

Anza na ya 2007 dada, na usiiangalie peke yako. Na usitoke mapema, kwa sababu mwisho kuna kitu. Jeneza limeshaanguka, siri imetoka, kila mtu anapiga kelele, na yule mwana ambaye amenyamaza siku nzima anasimama anawaambia watu inatosha, anaweka karatasi kando anaongea juu ya baba yake vile alivyokuwa, na siri yake ndani. Vijana wangu walinyamaza kabisa. Yule wa kuosha viti alizika baba yake mwezi wa nne, Butere, hema lilikuwa letu na sikumlipisha. Aliniomba nirudishe nyuma hiyo sehemu, nikarudisha.

Jumatano kwa ile ya 2010 Chris Rock alipofika hapo, akaacha mzaha wote kwa hizo dakika, nikamwangalia huyo kijana. Hakuomba nirudishe. Lakini hakuinuka pia, na chai ilikuwa imeiva.

Mwalimu, kesho kutwa tunapakia ya Yala. Jumapili jioni nikirudi karibu yadi, projekta iko, na kama unayo ile Ladykillers ya 1955 uje nayo.